Paka wa mtaani, kimburu au mondo: nani wa kukaa nae ndani na nani umuache huko huko porini

Mwezi wa sita, watu wapo kwenye kufyeka mikorosho kabla ya kuanza kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nikapigiwa simu na mtoto wa mjomba wangu wa Tandahimba, hata salamu hakumaliza vizuri. "Kaka shikamoo, huku tumeokota watoto wa chui wawili kwenye majani, nikuletee mmoja akukamatie panya wa stoo?" Mi nauza nafaka hapa Mtwara mjini, mchele, choroko, ufuta ukiwa msimu, na kila anaenijua anajua kilio changu ni panya. Nikamwambia marahaba, tulia kwanza, nitumie picha. Picha ikaingia, masikio makuuubwa kama ya sungura, shingo ndefu, madoa meusi. Chui wapi, mondo hao.

Tangu hapo nimeulizwa na watu kadhaa swali lile lile, kwamba kwani ukimpata mdogo ukamlea si atakua kama paka tu, tena paka mkubwa, panya wote kwisha? Wengine wameona klipu za huko nje mtu kakaa na mondo kwenye kochi wanaangalia tv wanaona mbona rahisi. Kwaiyo naandika hapa mara moja, namlinganisha paka wetu huyu wa mtaani na kimburu na mondo, anaetaka kuchagua achague akijua.

Kwanza jua umeshika nani

Huku kwetu kila chenye madoa ni chui, na hilo ndo kosa la kwanza. Mtoto wa chui masikio yake madogo ya duara, nyayo nene kuliko mwili wake, mkia mrefu. Ukikuta huyo wala usisimame kupiga picha, geuka urudi ulikotoka maana mama yake hayuko mbali. Mondo masikio yake yamesimama juu ya kichwa yamekaribiana, na ukimuangalia kwa nyuma sikio ni jeusi lina baka jeupe katikati, madoa ya shingoni na mabegani yameungana yamekua kama mistari, na mkia wake mfupi kwa mwili ule.

Kimburu ndo anaechanganya watu zaidi, wengi wanamuita paka pori tu. Ukimuona haraka utasema ni paka wa jirani kapotea, kijivu cha mchanga na michirizi hafifu. Mtazame miguu, ni mirefu, akikaa chini anakaa wima kabisa kama mtu aliyeitwa kwenye kikao, nyuma ya masikio ana wekundu wa kutu, na mkia mwembamba una pete nyeusi na ncha nyeusi. Paka wa nyumbani aliyekimbilia porini, yule tunaemwita paka shume, hana huo wekundu wa masikioni mara nyingi, na ana tumbo la kishkaji.

Simbamangu yupo pia, mwili rangi moja ya udongo na masikio yana vishungi vyeusi kwenye ncha, huyo sitamrudia maana sijasikia mtu kamuokota.

Hafu kuna wale wanaosingiziwa upaka. Kanu, yule mwembamba mwenye mdomo mchongoko na mkia mrefu wa pete pete, anaekumalizia kuku usiku, sio paka. Fungo nae sio paka, ukoo wake na kanu ni mmoja, ndo ukoo wa wale wanaotoa zabadi, ile ya kutengenezea manukato. Ukimfuga kanu ukidhani ni kipaka cha porini kuku wako watakueleza.

Mmoja alikuja mwenyewe, hawa wengine hawajawahi kuja

Hapa ndo penye kiini cha mambo yote, mengine yanafuata.

Paka wa nyumbani asili yake ni kimburu. Sio simba aliyepungua wala chui aliyenyeshewa, ni kimburu kabisa. Mwaka 2007 wanasayansi walilinganisha vinasaba vya paka kutoka dunia nzima, wakakuta paka wote wa nyumbani wanarudi kwa kimburu wa Mashariki ya Kati, yule ambae ndugu zake ndo hawa wa kwetu. Na hakukamatwa. Watu walianza kulima na kuweka nafaka kama miaka elfu 10 iliyopita, nafaka ikaleta panya, panya wakaleta kimburu, wale wenye woga kidogo wakabaki karibu na ghala wakala wakashiba wakazaa, wenye woga mwingi wakarudi porini. Mtu wa stoo ya nafaka ukisoma hii unacheka, maana ni stoo yangu hiyo hiyo, imebadilika bati tu.

Kule Saiprasi walichimba kaburi la miaka kama 9,500 nyuma, mtu kazikwa na paka pembeni yake. Na kile ni kisiwa, vimburu wa asili hakikua nao, maana yake kuna mtu alimpakia paka kwenye chombo akavuka nae bahari. Sisi watu wa pwani tunajua, kwenye chombo hupakii kitu usichokihitaji.

Miaka yote hiyo imemkata paka kidogo kidogo. Ubongo wake umekua mdogo kuliko wa kimburu. Ile nyau nyau ya kila siku, paka wakubwa wenyewe kwa wenyewe hawaambiani sana, wanatuambia sisi, kitoto humlilia mama yake kisha akikua anaacha, ila kwa binadamu anaendelea mpaka uzee. Amekujua wewe ndo mwenye sufuria.

Kimburu wa shambani kwako hajapitia hata siku moja ya hayo. Unaweza kumuokota akiwa hajafungua macho, ukamnyonyesha kwa bomba la sindano, akalala kifuani kwako, na akifika umri wa kujitegemea anabadilika, haji ukimuita, anafoka, anaondoka. Bibi yangu upande wa Lindi alilea mmoja nikiwa mdogo, alimpata kwenye shamba la mihogo. Alikua mzuri yule, anatembea kama mtoto wa mfalme. Siku moja tu hakurudi, na bibi kila jioni akawa anaweka kichwa cha samaki nje ya mlango, kwa miezi. Halaf kinachokuja baadae ni kwamba kimburu na paka wa nyumbani wanapandana vizuri tu na watoto wanazaa, mpaka imekua tatizo kwa vimburu wenyewe, damu yao inachanganyika na ya paka zetu wanaozurura mashambani, kimburu halisi anapungua huku watu wanaona paka wapo wengi.

Mondo ndo hata usiulize, huyo hajawahi kuwa jirani yetu. Huko Marekani mwaka 1986 mtu alimpandisha mondo na paka wa nyumbani, akazaliwa mtoto, ndo ukaanza ukoo wanaouita Savannah, wanauzana kwa maelfu ya dola. Na hao ni wa kuchanganywa, wa kizazi cha kwanza bado ni wasumbufu mpaka wenyewe wanajengewa banda lao. Sasa we unataka kuchukua mondo kamili umuweke chumba na sebule ya kupanga pale Magomeni.

Chakula na bajeti

Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya, na kitaalamu wako sahihi kuliko walivyojua. Paka ni mla nyama wa lazima. Kuna kirutubisho kinaitwa taurini ambacho yeye mwili wake hauwezi kukitengeneza wa kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki, akikosa muda mrefu anapofuka na moyo unapanuka. Ugali wa muhogo na mchuzi wa jana sio chakula cha paka, ni cha kumzuia asife leo. Utamu wa sukari hausikii kabisa, kinasaba chake cha kuonja utamu ni kibovu, ilithibitishwa 2005, na iko hivyo kwa paka wa nyumbani, duma na chui milia waliopimwa. Kwaiyo ukiona paka anaramba aiskrimu anafata mafuta.

Ila kwa paka wa mtaani huku Mtwara wala huna haja ya kuumiza kichwa, nenda Feri asubuhi, vichwa na matumbo ya samaki, dagaa kidogo, na yeye mwenyewe anajiongeza na mijusi na panya. Chemsha lakini, kuna samaki wabichi wakiliwa peke yao kila siku wanammalizia vitamini B1. Maziwa mpe kidogo au acha, paka wengi wakubwa yanawaharisha.

Mondo ana kilo kati ya 9 na 18 akiwa dume, jike pungufu kidogo. Anahitaji mnyama mzima, na mifupa yake na manyoya yake, kila siku. Wanaowalea kwa minofu mitupu wanaishia na mondo aliyepinda miguu, kalisiamu hamna. Na ile miguu ndo mali yake, katika paka wote duniani ukipima kwa uwiano wa mwili hakuna mwenye miguu mirefu kama mondo. Piga hesabu ya kuku mwenyewe, mi nilipiga nikaacha katikati.

Panya, ambao ndo sababu yetu wote

Kwa kazi tupu, bila ushabiki, mondo ni fundi kuliko paka. Kule Ngorongoro walifuatiliwa, karibu nusu ya mirukio yao inatoka na kitu. Anasimama kwenye majani anafumba macho kama anasinzia, kumbe yale masikio yanasikiliza panya anavyotafuna chini ya nyasi, kisha anaruka juu, anaweza kupita mita 2, anatua kwa miguu ya mbele juu ya panya. Simba wenyewe na mbwembwe zote hawafiki nusu. Chakula cha mondo kwa sehemu kubwa ni panya, na nyoka anakula pia.

Sasa ndo nikamwambia mtoto wa mjomba, hebu fikiria, mashine kama hiyo ipo kwenye shamba lako la mikorosho na karanga, bure, haili ugali wako, inazunguka eneo la karibu kilomita 10 za mraba, wewe unataka kuitoa shambani uifungie stooni kwangu? Mondo ndani ya stoo haruki. Hana majani, hana sauti ya panya chini ya udongo. Atakojolea magunia tu, na kukojoa kwake ni kwa kurusha kuweka mpaka, mchele wote unanuka ukaupeleke wapi.

Paka wa nyumbani ndani ya stoo ndo mahali pake. Sauti za panya zile nyembamba sana ambazo sisi hatuzisikii yeye anazisikia, sisi mwisho wetu ni kama kilohezi 20, yeye anafika 60 na kitu. Mwanga unaomtosha kuona ni kama moja ya sita ya ule tunaouhitaji sisi. Anajibana kwenye uwazi wa magunia.

Ila tuseme ukweli wote, maana kuna watu wanamtukana paka bila sababu. Paka sio wa panya wakubwa. Huko New York 2018 walitoa ripoti, waliweka kamera kwenye sehemu ya taka yenye panya wengi na paka wa mtaani, siku 79, paka waliua panya 2. Wawili! Yale mapanya makubwa paka anayaogopa kama wewe tu, anapenda vipanya vidogo. Ila walichoona ni kwamba paka wakiwepo panya wanajificha zaidi, hawatembei ovyo. Na mimi ndo ninachoona, paka akiwepo stooni magunia hayatobolewi hovyo hata kama sijaona maiti ya panya wiki nzima. Panya buku ndo usahau, yule anapita kilo moja, saizi ya paka kijana kabisa, hapo utafute vijana wa kuchimba samaki nchanga, yaani panya wa porini wa kuliwa, wanajua kazi yao (na wageni wanaocheka hilo jina tuwaache wacheke, hawajaonja).

Na jambo ambalo limenigharimu. Chagua moja, paka au sumu ya panya. Sumu nyingi hazimuui panya papo hapo, analewa anayumba yumba siku mbili tatu, paka anamkamata kirahisi anamla, sumu inaingia kwa paka. Nilipoteza jike langu zuri hivyo, jirani aliweka sumu kwenye banda lake mimi sina habari. Wala sikumgombeza, na yeye alikua anahangaika na panya hao hao.

Kuumwa, makucha na hospitali

Mondo hata akiwa anacheza anaumiza, ana kofi la haraka la mguu wa mbele, ndo analoulia nyoka. Mtoto wa miaka mitatu na mondo chumba kimoja mi sikubali hata iweje. Kimburu atakung'ata kwa woga, paka wa mtaani atakung'ata ukimbana.

Kwenye kichaa cha mbwa, jina linadanganya watu, paka anapata, mnyama wa porini anapata. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 Lindi na Mtwara tulikua ndani ya mradi mkubwa wa chanjo uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na serikali, mbwa walichanjwa wengi kweli, wale waliokua wanafunzi kipindi hicho wanakumbuka foleni za mbwa na kamba za katani. Paka wa nyumbani unampeleka kwa daktari wa mifugo wa halmashauri, akitimiza miezi mitatu anachanjwa. Mondo nani atamshika? Ukiumwa au kukwaruzwa na mnyama usiyemjua, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kweli kumi na tano angalia saa, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mafuta ya taa na majivu waachie wenyewe.

Dawa za nyumbani pia tahadhari. Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Na zile dawa za viroboto vya mbwa zenye permethrini usimpake paka, atatetemeka mpaka afe. Mjamzito asizoe choo cha paka, kuna vimelea vinaweza kumfikia mtoto tumboni, kazi hiyo apewe baba mtoto.

Sheria

Fupi tu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, mnyama pori ni mali ya umma, kumkamata au kukaa nae bila kibali ni kosa, iwe ulimuokota, iwe ulimuonea huruma, iwe ulinunua. Mondo na kimburu wamo. Ukikwama nae unaenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori, unasema nimemkuta, unamkabidhi. Ukisubiri wakukute nae hadithi inabadilika.

Paka wa nyumbani hahitaji kibali wala leseni. Hata kwenye dini kapewa nafasi yake, Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji ya udhu paka akanywa, alipoulizwa akasema Mtume kasema paka si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka zunguka. Ndo maana nyumba nyingi za huku mbwa anaishia uani, paka yupo mpaka kitandani. Na mwanamke aliyemfungia paka bila kumpa chakula hadithi yake mnaijua, aliingia motoni kwa hilo, kwaiyo usimfungie stooni ukaenda harusini Kilwa siku nne.

Na wale wakubwa wa Lindi

Kuna bwana mmoja aliniambia "sa si wote ukoo mmoja, simba nae paka tu". Ukoo ndio, lakini tofauti ni nyingi. Mboni ya paka wa nyumbani mchana inakua kama ufa, ya simba na chui inabaki duara. Paka anakoroma ile ya raha akivuta pumzi na akitoa, simba ananguruma usiku ukamsikia kilomita kadhaa, na mwenye kunguruma vile hana ile kukoroma ya mfululizo. Duma yuko katikati kichekesho, mkubwa vile anakoroma kama paka na analia kama ndege, kunguruma hajui.

Na sisi watu wa kusini simba hatumjui kwa picha. Watafiti walihesabu kuanzia 1990 hadi kwenye 2004 hivi, watu zaidi ya 563 waliuawa na simba Tanzania, na mkoa wa Lindi ulikua kati ya sehemu zilizoumia sana. Sababu kubwa nguruwe pori. Nguruwe anafata mazao, simba anamfata nguruwe, mkulima kalala kwenye dungu analinda mahindi yake, wote watatu wanakutana usiku. Miezi ya mavuno ndo ilikua mibaya. Waliangalia pia mwezi, wakakuta hatari inapanda zile siku baada ya mwezi mpevu, maana giza la jioni linarudi na simba ana njaa ya siku za mwanga. Wazee wa Liwale na Nachingwea walishasema hivyo bila karatasi, jioni baada ya mwezi kupasuka usitoke peke yako.

Basi umeamua paka wa mtaani, yupi sasa

Hapa watu wanachukua tu yeyote wanaepewa, ni kosa. Angalia mama yake kwanza. Kitoto kinajifunza kuwinda kwa mama, akiletewa panya aliye hai kujifunzia basi anakuja kwako na kazi mkononi, akiletewa wali na mchuzi kwa mwenye gesti utapata mlaji wa wali. Na kuzoea watu kuna dirisha lake, kama wiki ya 2 mpaka ya 7, kitoto kilichoshikwa shikwa na watoto wa nyumba kipindi hicho kitakua cha watu. Aliyezaliwa juu ya dari asiguswe mpaka miezi mitatu atakuogopa maisha. Usimchukue chini ya wiki 8 lakini, mi napenda hata 12.

Jike au dume? Mi nachukua jike. Dume anazurura, anapigana, anarudi na jipu la kung'atwa shavuni, na anarushia mkojo ukutani, usipomhasi stoo itanuka. Jike anakaa, na akiwa ananyonyesha anawinda kama kichaa. Shida yake ni uzazi, anaanza akiwa na miezi minne mpaka sita, mimba siku 63 hadi 65, watoto wanne watano, na mzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja ndo maana unakuta mweusi, mweupe na chungwa kwenye boksi moja. Bila kufungwa kizazi mwaka haujaisha una ukoo.

Rangi haikamati panya. Ila ukitaka jike bila kupindua mkia, chukua wa rangi tatu, nyeupe nyeusi na chungwa, hao karibu wote ni majike kwa vile kinasaba cha uchungwa kipo kwenye kromosomu ya X, wa chungwa tupu wengi madume. Na mweusi mchukueni jamani, mnawaacha wanazeeka barazani kwa mambo ya uchawi, panya wa usiku anamuona mweusi saa ngapi?

Wale mondo wawili walirudishwa alasiri ile ile pale pale kwenye majani walipotolewa, na kipande kile hakikufyekwa, wakaondoka watu wote. Asubuhi hawakuwepo. Mama mondo huhamisha watoto, kwaiyo naamini aliwabeba.

Mtoto wa mjomba akaniletea jike la rangi tatu kutoka kwa bibi mmoja wa kijijini kwao, miezi mitatu na nusu, kaja nae kwenye basi mpaka stendi. Kafurahi, kashusha mzigo, nikaangalia nikapiga kelele mpaka utingo akageuka, kamuweka kwenye kiroba cha salfa! Paka anajilamba mwili mzima, vumbi lote lile la salfa linaingia tumboni na machoni. Tukamfuta kwa kitambaa cha maji pale pale stendi, paka analia, abiria wanacheka. Mchukulie kikapu cha ukili au boksi lenye matundu, ndo kazi yake.

Akajificha nyuma ya magunia ya choroko siku tatu, dagaa anakula usiku mimi sipo. Siku ya nne nimefungua duka nikakuta juu ya mizani mkia wa panya na utumbo kidogo, na yeye kakaa pembeni ananiangalia.